Shangazi wa Gerezani

Juzi nilikuwa napita nyuma ya soko la Kariakoo, kwenye maghala ya nafaka, vijana wakishusha magunia ya pumba. Gunia moja likapasuka. Hapo hapo mlangoni kulikuwa na ndoo ya molasi iliyoachwa wazi, na ile harufu ya pumba kavu ilipokutana na utamu mzito unaokaribia kuchacha, nikasimama katikati ya njia. Mtu wa mkokoteni akaanza kunipigia kelele: "Dada, njia! Njia, dada!" Nikajisogeza na fimbo yangu hadi ukutani, nikavuta pumzi tena, nikacheka peke yangu. Watu wa rika langu waliokulia mitaa hii ukiwauliza utoto unanukaje, mmoja atakutajia dagaa, mwingine viatu vipya vya plastiki, mwingine vumbi la mvua ya kwanza kwenye lami. Wangu unanuka farasi.

Najua inavyosikika. Kariakoo na farasi wapi na wapi.

Nilizaliwa na mtindio wa ubongo. Miguu yangu ilikaza na kupishana kama mkasi, na mgongo ulikuwa hauna nguvu; ukinikalisha kwenye kiti bila mto nilikuwa namwagika taratibu upande wa kulia mpaka mtu aje anikusanye. Tuliishi ghorofa ya tatu, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla sijazaliwa na mlango wake ukageuzwa ubao wa kubandika matangazo ya vyumba. Asubuhi Baba alichuchumaa mlangoni akanipa mgongo, Mama akanipandisha, tukashuka. Jioni akachuchumaa tena kule chini, tukapanda. Mji nilioujua mimi ni ule unaoonekana juu ya bega la Baba, na nikiwa chini, kwenye baiskeli yangu ya magurudumu, ni mji wa magoti, mifuko, ndoo na matako ya watu.

Baba alikuwa na kibanda cha spea za magari Gerezani. Mtu wa Kilwa, mpole, mwenye maneno machache kiasi kwamba wateja walidhani anaringa. Jioni alikaa kwenye mkeka akajichua kiuno kwa dawa yenye kafuri, na Mama akimuuliza vipi, alijibu, "Uchovu tu." Mama yeye aliuza vitenge Mtaa wa Kongo na aliongea kwa niaba ya wote wawili. Mama ndiye aliyetafuta dawa zangu. Nilichuliwa mafuta ya nyonyo, nikafukiwa mchangani ufukweni hadi kiunoni, nikanyweshwa supu ya kongoro kila Ijumaa, kwa maelezo kwamba kwato za ng'ombe zinaingia miguuni mwa mtoto. Niliinywa ile supu kwa imani kabisa. Nilikuwa naangalia miguu yangu baada ya kumaliza bakuli.

Kwa hiyo siku Mama aliporudi kutoka hospitali akamwambia Baba, "Yule dada wa mazoezi anasema Somoe apewe farasi, mara moja kwa wiki," mimi nilielewa vizuri sana. Ng'ombe ameshindwa. Sasa wanapanda daraja.

"Farasi?" Baba akauliza.

"Farasi. Anasema nchi nyingine wanafanya, na watoto wanapata nafuu."

Nililala na ile habari kifuani. Kesho yake nikamuuliza Mama farasi anachinjwa na nani, na kama nyama yake ni ngumu. Mama alinitazama, akaweka chini kitenge alichokuwa anakunja, akacheka hadi akaita wenye meza za jirani waje wasikie. Nilikasirika. Hakuna aliyenieleza vizuri hata baada ya kicheko. Walisema tu, "Utapanda, utapanda," na mimi sikuwa nimewahi kupanda kitu chochote isipokuwa Baba.

Dada wa mazoezi aliitwa Manka. Alikuwa Mchaga mrefu, mwenye mwanya na sauti ya kuvuka barabara, aliyekulia kwenye shamba lenye farasi huko nyuma ya Mlima Kilimanjaro. Alikuwa amesomea tiba ya viungo, na kwa kusumbua watu bila kuchoka alikuwa ameruhusiwa kutumia ua mmoja wa zamani Gerezani, karibu na reli, wenye mabanda ya bati na mwarobaini mmoja. Watu wa mbao wa pale jirani walimpa maranda ya kutandika bandani. Msaidizi wake aliitwa Sefu, saisi, yaani mtunza farasi, mtu wa makamo mwenye kofia ya ngozi asiyoivua hata kwenye joto la Februari. Watoto wote tulimwita Anko Sefu.

Siku ya kwanza Baba alinisukuma hadi pale. Farasi watatu walikuwa wameletwa na watu wenye farasi nje ya mji, waje wajaribiwe, mmoja abaki.

"Shikamoo, Anko," nikasema.

"Marahaba, mrembo. Karibu tuchague gari."

Mmoja alikuwa mweupe, mrefu, shingo kama ya gitaa la harusini, miguu haitulii. Nilimpenda kabla gurudumu langu halijasimama. Wa pili alikuwa mdogo, mweusi, na alijaribu kumng'ata Anko Sefu kwenye kiwiko. Wa tatu alikuwa jike la rangi ya kutu, tumbo pana, sikio moja limepasuka ncha, na mdomo wa chini unaning'inia kama wa mtu aliyesinzia kwenye benchi la hospitali.

Halafu yakafuata mambo ambayo nilidhani ni wazimu. Dada Manka alimwendea mweupe akafungua mwavuli ghafla puani kwake. Mweupe akaruka, akazunguka, vumbi likapanda mpaka kwenye bati. Akamwendea mweusi akatikisa mfuko wa nailoni. Mweusi akapiga teke hewani. Alipofika kwa yule wa rangi ya kutu, akafungua mwavuli. Jike lile likautazama. Akatikisa mfuko. Likaunusa kuona kama kuna chakula. Baba akaombwa amwage kopo la nati na bolti juu ya sakafu ya saruji nyuma yake, na Baba, mtu asiyependa kelele, akamwaga. Mimi mwenyewe niliruka kwenye kiti. Jike likageuza sikio moja, lile zima, likalirudisha. Kisha Dada Manka akampanda, akajilegeza kama gunia, akaning'inia upande mmoja, akapiga ukelele, akamvuta manyoya ya shingo, akamgonga mbavu kwa visigino kama mtoto ambaye miguu yake haimsikii. Anko Sefu akasukuma baiskeli yangu tupu mpaka ikamgusa miguuni. Jike likashusha pumzi ndefu, kama mama mkubwa anayekaa baada ya kusimama jikoni.

Nikasema moyoni: huyu alikufa zamani, bado kuzikwa tu.

"Huyu," Dada Manka akasema, akishuka huku anatabasamu mpaka mwanya wote ukaonekana. "Huyu hapa. Mgongo mpana, si mrefu mno, tutaweza kumshika mtoto pande zote mbili. Sefu, hebu mtembeze. Baba Somoe, angalia kiuno chake anavyotembea. Unaona kinavyoyumba? Kushoto, kulia, sawasawa. Hicho ndicho ninachotafuta."

Mimi nikaanza kulia.

"Unalia nini tena?" Baba akainama.

"Nataka mweupe."

Dada Manka akachuchumaa mbele yangu. "Mweupe ni mzuri kweli. Ila siku ukipiga chafya juu yake, tutakuja kukuokota Kigamboni."

Wote wakacheka. Sikucheka. Sikukuu wasichana wa jengo letu walinunuliwa viatu vya kung'aa vyenye kisigino kidogo, mimi nikanunuliwa mabuti meusi ya kufunga hadi juu, kwa sababu yalishika kifundo cha mguu. Kikombe changu kilikuwa cha plastiki chenye masikio mawili. Gauni langu lilikuwa na vifungo mbele ili Mama asipate tabu. Kila kitu changu kilichaguliwa kwa sababu kinafaa. Hakuna kilichochaguliwa kwa sababu ni kizuri. Na sasa hata farasi. Nilielewa hivyo: farasi wazuri ni wa watoto wanaotembea, na mimi nimepewa buti lingine, safari hii lenye sikio lililopasuka.

Jina alipewa na Anko Sefu. "Mcheki anavyotuangalia," alisema. "Kama shangazi wa bwana harusi amekuja kukagua pilau inatosha au haitoshi." Tangu hapo akawa Shangazi, na sisi watoto tulifundishwa tukifika tumsalimie. Shikamoo, Shangazi. Anko Sefu alijibu kwa niaba yake, kwa sauti nzito ya puani.

Siku niliyopandishwa mara ya kwanza nilifunga macho. Walimtandika blanketi, wakamfunga mkanda mpana wenye vishikio, wakanivisha kofia ngumu. Dada Manka alishika paja langu upande mmoja, Baba upande mwingine, Anko Sefu akawa mbele na kamba. "Tembea, Shangazi." Na kiuno changu kikatembea. Sijui nielezeeje kwa mtu aliyetembea tangu ana mwaka mmoja. Mgongo wake ulikwenda kushoto, mimi nikaenda kushoto. Ukaenda kulia, nikaenda kulia, huku joto lake likipanda kwenye mapaja yangu na ile misuli iliyokaza siku zote ikianza kulegea kama unga unaopata maji. "Kiuno chako kinajifunza," Dada Manka aliniambia. "Miguu itasikia baadaye." Nikafungua macho. Nikaona juu ya ukuta, nikaona mabehewa mabovu, nikaona vichwa vya watu wakati maisha yangu yote nilikuwa naona magoti yao. Nikatazama chini nikaona utosi wa Baba. Baba alikuwa na upara! Mdogo, wa mviringo, unang'aa. Miaka yote nimebebwa mgongoni kwake na sikuwahi kuujua, kwa sababu jicho langu lilikuwa likiishia shingoni.

Nilianza kumpenda Shangazi siku mafundi walipoangusha bomba. Wakati huo barabara ya mwendokasi ilikuwa inachimbwa pale jirani, na kutwa nzima zilikuwa kelele za katapila. Tulikuwa tunazunguka ua. Nje ya ukuta bomba la chuma likaanguka kutoka kwenye lori, mlio ambao niliusikia kwenye meno. Mwili wangu ulifanya unavyofanya ukishtuka: miguu ikabana, mikono ikafunguka, nikaanza kumwagika kulia. Kabla Baba hajanidaka, nilihisi kitu chini yangu kinasogea. Shangazi alikuwa amesimama, na aliposikia uzito wangu umehamia kulia, akapiga hatua moja ndogo kulia, akaingia chini yangu. Nikajikuta nimekaa katikati.

Kisha Anko Sefu akavuta kofia yake nyuma. "Mmeona? Kamfuata. Kamfuata mwenyewe, mimi sijamvuta."

Dada Manka aliweka paji la uso wake kwenye shingo ya Shangazi, akakaa hivyo. Mimi niliinama nikalala juu ya manyoya yale ya rangi ya kutu, yenye harufu ya pumba na molasi na jasho, na hamu ya farasi mweupe ikaniisha.

Tulifundishwa kumtunza, na hilo Dada Manka alilisimamia kuliko hata kupanda. Mtoto aliyepanda lazima apige brashi, hata kama mkono wake unafika begani tu kwa farasi. Nilijifunza kuzungusha brashi ya mpira hadi vumbi litoke, halafu ile laini. Nilimshikia Anko Sefu ndoo akichokonoa kwato kwa kikulabu, kwa maana kijiwe kidogo kikibaki mle ndani ni kama wewe kutembea na mchele ndani ya kiatu. Alimwagiwa maji miguuni kukiwa na joto. Alikuwa na bonge la chumvi la kulamba, na pumba yake ilichanganywa na molasi. Wachuuzi wa sokoni walipojua kuna farasi, walituletea majani ya kabichi na nyanya zilizopondeka kwa moyo mzuri kabisa, na Dada Manka aliwashukuru, akapokea karoti tu, kidogo. Majani ya bonde la Jangwani alikataa kabisa, kwa sababu ya uchafu unaoachwa na mafuriko. "Farasi hawezi kutapika," alituambia. "Akila kibaya kinabaki humo humo. Na hawezi kuniambia. Kwa hiyo mimi lazima nijue kabla yake." Habari hiyo ilinihuzunisha sana. Nilimwomba Mungu siku kadhaa ampe Shangazi uwezo wa kutapika.

Watoto wakaongezeka. Walikuja wa Mbagala, wa Temeke, wa Buguruni, wamefungwa mgongoni kwa kanga hata wale wakubwa. Mimi nikawa mwenyeji. Nikawa nakaa kwenye kiti bila mto. Mama alinikuta siku moja nimekaa wima pembeni ya meza ya vitenge, nakunja vitambaa kwa mikono yote miwili, akajifanya hajaona, akageukia mteja akaanza kuongea haraka haraka na bei akaikosea.

Lakini kuna kitu kilianza kubadilika kwa Shangazi. Nilipompiga brashi karibu na kiuno, ngozi ilimtetemeka kama ya mtu anayefukuza nzi, na nzi hakuna. Akiletewa mkanda alilaza masikio nyuma. Asubuhi nyingine tulimkuta amegeukia ukuta, karoti iko chini, hajaigusa. Nilidhani amenuna. Nilidhani ni mimi.

Siku moja mchana Dada Manka alikuja nyumbani kwetu. Baba alikuwa kazini. Mimi nilikuwa chumbani nyuma ya pazia, wao wakidhani nimelala.

"Ni mgongo," nilimsikia Dada Manka akisema. Kwa mara ya kwanza alikuwa anaongea chini. "Umechoka kabisa. Anabeba, anabeba, hasemi. Mtu unaweza ukadhani hana tatizo."

"Hata mimi nimeona," Mama akajibu. "Juzi nilimgusa hapa kiunoni, akashtuka."

"Tukimwacha aendelee hivi ataumia moja kwa moja. Mimi naona apelekwe shamba akapumzike. Na asirudi tena kwenye kubeba."

"Na Somoe? Tutamwambiaje Somoe, jamani? Alivyomzoea vile?"

"Tusimwambie kwanza."

Nililala pale nikitazama dari. Kiuno kile nilikijua. Nilijua harufu ya kafuri iliyokuwa inapakwa. Nilijua nani anabeba na hasemi, na shamba nalo nililijua: lilikuwa Kilwa, la babu, lenye mikorosho. Baba anapelekwa Kilwa, na hatarudi, na aliyemmaliza mgongo ni mimi.

Sikulia. Nilikuwa na shughuli ya kufikiri. Kama tatizo ni kubeba, basi nisibebwe.

Kesho yake baada ya shule nilikuwa chini ya jengo, karibu na fundi cherehani, nikimsubiri Baba kama kawaida, Mama akiwa amezidiwa na wateja upande wa pili wa barabara. Nikafungua mkanda wa baiskeli yangu, nikajishusha hadi sakafuni. Nikajivuta hadi kwenye ngazi, nikageuka, nikakaa kitako kwenye ngazi ya kwanza. Nikaweka viganja kwenye ile ya pili, nikajisukuma. Kiuno kikapanda. Nikayumba kulia, nikajirudisha mwenyewe. Nikapanda nyingine. Na nyingine.

Saruji ilikuwa chafu na baridi. Mabuti yangu yalinifuata nyuma yakigonga kila ngazi, ko, ko, kama watu wawili wasiotaka kuja. Mama mmoja wa ghorofa ya pili akashuka na ndoo mbili tupu, akaziacha zikabingirika.

"We Somoe! Nani kakuacha hapa? Njoo nikubebe!"

"Hapana. Naenda nyumbani."

"Unaendaje, mtoto wewe?"

"Hivi hivi. Usinishike, tafadhali."

Hakunishika, ila alipiga kelele, na milango ikafunguka ghorofa zote. Watoto wakaja wakakaa ngazi za juu yangu wakinitazama kama mpira. Mmoja akaanza kunishangilia, wengine wakadakia, "So-mo-e! So-mo-e!" Nilikuwa nimevuka ghorofa ya kwanza, viganja vinawaka moto, niliposikia viatu vya Baba. Alikuja anakimbia, mikono imejaa grisi, shati limetoka kwenye suruali. Aliponiona akasimama ngazi chache chini yangu, na nyuso zetu zikawa sawasawa.

"Mwanangu, unafanya nini?"

"Napanda."

"Nimechelewa? Si ungenisubiri?"

"Sitaki uende Kilwa."

"Nani anaenda Kilwa?"

"Wewe. Dada Manka kasema mgongo wako umechoka, unabeba na husemi, inabidi upelekwe shamba na usirudi tena kubeba. Nimesikia. Sasa nimeacha kubebwa, Baba. Kwa hiyo usiende."

Baba alinitazama. Akatazama wale majirani, kama anatafuta mtu wa kumtafsiria. Kisha akakaa, pale pale, kwenye ngazi, akashika kichwa na ile mikono ya grisi.

"Somoe. Dada Manka alikuwa anamsema Shangazi."

"Shangazi gani?"

"Farasi. Shangazi farasi."

Nililia hapo sasa, mpaka watoto wakaacha kushangilia. Nililia kwa furaha kwamba Baba haendi, na katikati ya furaha ile ile nikaelewa anayekwenda ni nani, nikalia upya. Baba alinishika, na begani kwake, chini ya grisi, nikasikia ile harufu ya kafuri.

"Na wewe hauumwi?" nikamuuliza.

"Mimi mzima."

"Baba."

Alifuta grisi ya viganja kwenye suruali. "Kidogo," akasema. "Kiuno, kidogo."

Lilikuwa jibu la kwanza la kweli alilowahi kunipa mtu mzima kuhusu mwili wake.

Dada Manka alikuja mwenyewe kuniomba radhi kwa kunificha, na akanieleza kama mtu anayeongea na mwenzake wa kazi. Farasi wa kazi ile, alisema, anachaguliwa kwa sababu ni mvumilivu, na uvumilivu wake ndiyo hatari yake. Yule mweupe angeumwa angetuangusha siku hiyo hiyo, tukajua. Shangazi akiumwa anasimama tu. Watoto wanaoyumba ni wazito kuliko uzito wao. Mgongo wa farasi unawafidia kila hatua. "Nilipaswa kumwona mapema," alisema. "Watoto walikuwa wengi, nami sikutaka kumrudisha hata mmoja."

Niwaambie kabisa Shangazi aliishia wapi, kwa sababu mimi hadithi za wanyama zisiposema hivyo silali. Alikwenda Lushoto, kwa watu wenye majani na baridi, hakubeba tena mtu. Alinenepa. Picha zake zilikuwa zinakuja kwenye simu ya Mama, amesimama kwenye ukungu na ule mdomo wake, na alizeeka huko taratibu. Walikuja farasi wengine baada yake, wawili kwa zamu, na hakuna aliyebeba watoto wengi kwa asubuhi moja. Niliwapenda. Si kama yeye.

Siku aliyoondoka ilikuwa asubuhi ya kawaida, lori limeegeshwa kwenye ua, maranda yamemwagwa ndani. Sikumpanda. Dada Manka na Baba walinisimamisha karibu yake, mabuti yangu kwenye vumbi, na nikampiga brashi, mahali pote isipokuwa kiunoni. Alipanua pua, akanipulizia shingoni. Kisha akashusha kichwa kile kizito akakiegemeza begani kwangu, na mimi, ambaye maisha yangu yote nilikuwa naegemea, nikasimama nikaegemewa. Haikuwa kwa muda mrefu. Dada Manka alikuwa amenishika kwa nyuma, lakini kwa vidole tu. Anko Sefu alimpandisha kwenye lori bila mzaha hata mmoja, akapanda naye, akakaa huko nyuma amemshika kamba. Waliondoka kupitia upande wa reli, na mkia wake ulionekana kwenye mbao za lori mpaka kona.

Jioni ile tulirudi Kariakoo, Baba akinisukuma katikati ya watu wanaofunga meza. Chini ya jengo alifunga baiskeli yangu kwa mnyororo kama kawaida, akageuka, akachuchumaa, akanipa mgongo.

Niliuangalia ule mgongo. Shati lilikuwa limelowa katikati.

"Baba," nikasema, "pisha kidogo."

Aligeuza shingo. Tulitazamana. Kisha akasimama, taratibu, mkono mmoja kiunoni, akasogea pembeni, akanisaidia kukaa kwenye ngazi ya kwanza. Nikaweka viganja kwenye ya pili. Yeye akaja nyuma yangu kwa chini, ngazi kwa ngazi, hanigusi, akisimama ninapopumzika, akikaa kabisa ninapokaa sana. Watu walitupita wakishuka na kupanda, wakatusalimia, Baba akaitikia. Kwenye kona ya ghorofa ya pili alinipa maji. Ghorofa ya mwisho nilishindwa katikati, akanibeba hapo palipobaki, na hatukubishana.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Mlikuwa wapi muda wote huo? Wali umepoa."

Baba aliniweka chini, akanyoosha mgongo wake.

"Foleni," akasema.